Figo ya ndugu haina bei, lakini gharama zake ni za nani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akampa viungo vingine kimoja kimoja na vingine viwili viwili kwa hekima aijuayo Yeye. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yanayoletwa kwetu baada ya sala ya Ijumaa, lipo moja ambalo zamani lilikuwa nadra kusikika na sasa linaulizwa mara kwa mara. Mtu figo zake zote mbili zimeshindwa kazi, daktari amewaambia jamaa kwamba tiba iliyo bora ni kupandikizwa figo nyingine, na kaka yake au dada yake amesema yuko tayari kutoa moja. Jamaa huuliza: je, jambo hili linajuzu? Wanavyuoni walikwisha kulijibu swali hilo, nasi tutalitaja jibu lao. Lakini si hilo linalovunja udugu. Linalovunja udugu ni la fedha: nani alipe nauli ya mtoaji, nani alishe watoto wake wakati yeye amelala hospitali, kiwanja kilichouzwa kilikuwa cha nani, na miaka mitatu baadaye dawa zitanunuliwa na nani. Hayo ndiyo ninayokusudia kuyazungumza zaidi katika makala haya, kwa sababu mara nyingi husemwa kwa kunong'ona, na yakisemwa kwa sauti huwa ugomvi umekwisha kuingia nyumbani.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Figo ni viungo viwili vilivyo nyuma ya tumbo, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Kazi yake ni kuchuja damu, kutoa taka na maji yaliyozidi kwa njia ya mkojo, kusaidia kuweka sawa shinikizo la damu, na kuuchochea mwili utengeneze damu mpya. Maradhi yanayoongoza kwa kuziharibu ni kisukari na shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Zinaposhindwa kabisa, mgonjwa huishi kwa kuunganishwa na mashine inayosafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara.

Tupige hesabu kwa mfano tu, maana bei hutofautiana baina ya hospitali na hospitali. Ikiwa kusafisha damu mara moja ni shilingi 200,000, basi mara tatu kwa wiki ni 600,000, na kwa mwaka mzima ni zaidi ya shilingi milioni 31. Hapo hatujahesabu nauli ya kwenda na kurudi, wala siku za kazi zilizopotea za mgonjwa na za yule anayemsindikiza. Familia ya mwalimu au ya mwenye duka dogo haiwezi kubeba mzigo huo miaka miwili bila msaada wa bima. Ndiyo maana kupandikiza figo, pamoja na ughali wake wa mara moja, kwa muda mrefu huwa nafuu kuliko mashine, na mgonjwa huishi maisha yaliyo karibu zaidi na ya mtu mzima wa afya.

Upasuaji wa kwanza wa aina hii uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Mgonjwa aliitwa Richard Herrick, na aliyempa figo alikuwa pacha wake, Ronald. Kabla ya upasuaji Daktari Joseph Murray na wenzake waliwataka ushauri viongozi wa dini na wanasheria, kwani walikuwa wanataka kumpasua mtu mzima wa afya ambaye upasuaji huo haukuwa na faida yoyote kwa mwili wake. Imepokewa pia kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo Richard alimwandikia nduguye kikaratasi akimtaka aondoke arudi nyumbani, naye Ronald akamjibu kwa kikaratasi kwamba hatoki. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa. Ronald, aliyebaki na figo moja, aliishi hadi mwaka 2010. Daktari Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu ya vile vikaratasi viwili: mgonjwa alimfungulia mlango mtoaji aondoke, na mtoaji akachagua mwenyewe kubaki. Huko ndiko kuridhia.

Kwa upande wetu, kwa miaka mingi mgonjwa wa Tanzania aliyehitaji figo alikuwa hana budi kusafirishwa nje, hususan India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao kutoka India, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata kwa ushirikiano na madaktari wa Japani. Figo zinazopandikizwa hapa hutoka kwa jamaa walio hai. Hivyo basi, swali la figo ni swali la nyumbani, na Sheria ina la kusema juu ya nyumba.

Hukumu ya wanavyuoni

Katika zama za maimamu wanne upasuaji huu haukuwepo, kwa hiyo ni suala la ijtihadi. Wapo wanavyuoni wakubwa waliolipinga, akiwemo Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan na Sheikh Muhammad Mutwalli al-Shaarawi wa Misri, hoja yao kubwa ikiwa ni kwamba mwili si milki ya mwanadamu hata aweze kuutoa, bali ni amana ya Muumba. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na mwenye kuifuata asilaumiwe.

Hata hivyo, mabaraza makubwa ya fiqhi ya zama zetu yamejuzisha kwa masharti. Baraza la wanavyuoni wakuu wa Saudi Arabia lilitoa uamuzi wake mwaka 1982. Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita, Makka, lilifuata mwaka 1985. Kisha Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC), katika kikao chake cha nne kilichofanyika Jeddah Februari 1988, likatoa azimio lililo mashuhuri kuliko yote. Masharti yao kwa jumla ni haya: mtoaji awe mtu mzima mwenye akili timamu, atoe kwa hiari yake bila ya kulazimishwa, kutoa kwake kusimletee madhara yanayoharibu maisha yake ya kawaida, tiba hiyo iwe ndiyo njia inayomfaa mgonjwa na mafanikio yake yawe ya kutarajiwa, na kiungo kisiuzwe. Msingi wao ni maana ya Sura Al-Maida, aya ya 32, inayolinganisha kuiokoa nafsi moja na kuwaokoa watu wote, pamoja na sifa ya Answari katika Sura Al-Hashr, aya ya 9, ya kuwatanguliza wengine juu ya nafsi zao.

Watu huuliza pia kama figo huzaa uhusiano mpya, mathalan mwanamke akimpa binamu yake figo, je, wanakuwa maharimu kama walionyonya ziwa moja? La. Hukumu ya kunyonya ni ya maziwa katika umri wake maalumu, wala haikiasiwi kwa figo. Mume aliyepewa figo na mkewe anabaki mume. Na katika koo zetu nyingi zenye Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, hakuna ubaya Mwislamu kupokea figo ya ndugu yake asiye Mwislamu. Mwili wa mwanadamu ni tohara, na utukufu waliopewa wana wa Adamu katika Sura Al-Israa, aya ya 70, umetajwa kwa wote.

Kikao cha ukoo

Nirudi kwenye sharti la hiari, maana hapa ndipo watu wetu wanapoteleza. Mara nyingi uamuzi hufanywa katika kikao cha ukoo. Wazee wanakaa, majina yanatajwa, na macho ya wote yanamwelekea yule asiye na sauti: mdogo wao ambaye hana kazi, dada ambaye hajaolewa, au mke wa mgonjwa. Duniani kote wanaotoa figo wakiwa hai wengi ni wanawake, na wanaopokea wengi ni wanaume. Sina shaka kwamba huruma ya mama na dada ina sehemu yake katika hilo, lakini sina shaka pia kwamba kutokuwa na uwezo wa kusema "hapana" nako kuna sehemu yake.

Kutoa figo ni jambo la kujuzu, si wajibu. Mwenye kukataa hapati dhambi, wala hahesabiwi kuwa amekata udugu, hata mgonjwa akiwa baba yake mzazi. Madhara hayaondolewi kwa kumtia mwingine madhara, na upasuaji ni upasuaji: tafiti kubwa zimekadiria kwamba takriban watoaji watatu katika kila 10,000 hupoteza maisha. Idadi hiyo ni ndogo, nao wengi huendelea kuishi vyema, kwani figo iliyobaki huongeza kazi yake na kufidia sehemu kubwa ya iliyotoka. Lakini mtoaji ana haki ya kuisikia kutoka kwa daktari, si kufichwa. Madaktari makini humhoji mtoaji peke yake, bila mume, bila kaka, na akiwaambia kwamba hataki, huwajulisha jamaa tu kuwa fulani hafai kutoa, pasipo kueleza sababu. Naiona hiyo ni sitara njema, na jamaa wasiichimbe.

Iko siri nyingine inayoweza kufichuka hospitalini. Vipimo vya kulinganisha chembe za mwili huonyesha namna watu walivyorithi kwa wazazi wao. Kwa kawaida ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kulingana kikamilifu, mbili katika nne ya kulingana nusu, na moja katika nne ya kutolingana kabisa, ilhali mzazi na mwanawe hulingana nusu. Vipimo hivyo huweza kudokeza, bila mtu kuuliza, kwamba mtoto si wa baba anayejulikana. Sheria yetu imemnasibisha mtoto na kitanda cha ndoa alimozaliwa, na haikumtaka mtu apekue. Jamaa wamwombe daktari tangu mwanzo awape jibu moja tu: anafaa au hafai.

Mafungu matatu ya fedha

Sasa tuje kwenye mali. Fedha zinazopita baina ya mpokeaji na mtoaji ni za aina tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoleta haramu na ugomvi kwa pamoja.

Aina ya kwanza ni bei, nayo ni haramu. Mwanadamu hauzwi wala sehemu yake haiuzwi, na hilo Azimio la Jeddah limelikata waziwazi. Sheria za nchi nyingi nazo zimelizuia. India, ambako wagonjwa wetu wengi wamekuwa wakienda, ilipitisha sheria ya upandikizaji wa viungo mwaka 1994 na kuirekebisha mwaka 2011. Inawataja kwa majina jamaa wa karibu: wazazi, watoto, ndugu, mume na mke, babu na bibi, na wajukuu. Shangazi, mjomba na binamu hawamo katika orodha hiyo, na mtoaji au mpokeaji akiwa raia wa kigeni shauri lao hupelekwa mbele ya kamati ya idhini. Kwa hiyo familia inayofikiria safari ianze mapema kutafuta vyeti vya kuzaliwa RITA na cheti cha ndoa. Wengi wetu tumezaliwa nyumbani, tumeozeshwa na shehe wa mtaa, na hatuna karatasi yoyote. Cheti kilichotolewa wiki moja kabla ya safari humtia afisa shaka, naye ana haki ya kuwa na shaka. Biashara ya figo ipo na iko karibu nasi. Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret na kuunda kamati ya uchunguzi, baada ya kutolewa tuhuma kwamba vijana maskini walikuwa wakiuza figo zao.

Aina ya pili ni zawadi ya shukrani. Azimio la Jeddah limesema fedha atakazotoa mpokeaji kama takrima ni mahali pa ijtihadi. Nionavyo mimi, ikiwa imetolewa baada ya jambo kwisha, bila sharti wala ahadi ya kabla, inaingia katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba aliyetendewa wema alipe wema, na akikosa cha kulipa amwombee dua aliyemtendea. Ama familia ikikaa kabla ya upasuaji ikasema, "toa figo nawe utapata kiwanja cha Mbagala", hiyo ni bei iliyovishwa kanzu ya zawadi. Mafakihi wengi wamesema kwamba katika mikataba huangaliwa makusudio, si matamshi.

Aina ya tatu ni gharama alizozipata mtoaji, na hii ndiyo inayosahauliwa. Kwa kuogopa haramu ya bei, baadhi ya watu hukataa hata kumrudishia mtoaji nauli, wakidhani wanaitakasa hiba yake. Hiyo si taqwa. Zaidi alitoa figo kwa nduguye Amri. Zaidi ni fundi seremala anayelipwa kwa siku. Amepimwa mara kadhaa, amelazwa, kisha ameambiwa asinyanyue kitu kizito kwa muda wa wiki sita hivi. Karakana imefungwa, kodi ya nyumba inaendelea, na watoto wanakula. Akiachiwa mzigo huo atakuwa ametoa figo, na juu yake ametozwa faini kwa wema wake. Kumrudishia kilichotoka mfukoni na kipato alichokosa si kumlipa figo, ni kuondoa madhara, na Mtume (S.A.W.) amekataza madhara kwa namna zote. Azimio la Istanbul la mwaka 2008, lililoandikwa na madaktari na wataalamu kutoka nchi nyingi kupinga biashara ya viungo, nalo limepambanua vivyo hivyo: malipo ya figo yamekatazwa, na kurudisha gharama halisi za mtoaji zenye ushahidi kumeruhusiwa.

Katika gharama hizo ziingizwe vipimo vya wale waliojitolea wakaonekana hawafai, maana nao wametumia fedha na siku zao. Kwa kupunguza matumizi, ianzwe na kipimo cha kundi la damu, sukari, shinikizo na mkojo, ambavyo ni rahisi, kabla ya kumpeleka kila mtu kwenye vipimo vikubwa. Ziingizwe pia gharama za kumwangalia mtoaji kila mwaka, shinikizo lake la damu na mkojo wake, kwa maisha yake yote. Huyu sasa ana figo moja, na vidonge vya maumivu vya dukani ambavyo wengine huvimeza kama karanga, kama diklofenaki, yeye amekwisha kukatazwa asivitumie bila idhini ya daktari.

Mali itoke wapi?

Kama mgonjwa ana mali, itoke katika mali yake kwanza. Akiwa ni mke, je, mume analazimika? Katika vitabu vingi vya fiqhi vya zamani ujira wa tabibu na bei ya dawa havikuhesabiwa katika masurufu ya mke, kwa kuwa maradhi yalionekana ni jambo la kuzuka na si haja ya kila siku. Wapo waume wanaoijua mas'ala hii moja tu katika fiqhi nzima! Marehemu Sheikh Wahba al-Zuhayli wa Damascus, na wengi miongoni mwa wanavyuoni wa zama hizi, wamesema kwamba tiba leo imekuwa haja ya lazima kama chakula, na kuwa si katika kukaa kwa wema mume kustarehe na mkewe akiwa mzima kisha amrudishe kwao akiugua. Kauli hiyo ndiyo ninayoiona kuwa sawa.

Zaka nayo ni mlango. Mgonjwa aliyekuwa na uwezo kisha maradhi yakammaliza ameingia katika mafukara, na aliyekopa kwa ajili ya tiba ameingia katika wenye madeni, mafungu mawili kati ya manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60. Wengi hudhani ndugu hapewi zaka. Asiyepewa ni yule ambaye masurufu yake yako juu yako, kama mzazi na mtoto; kaka, dada na binamu asiye katika malezi yako anapewa, nawe unapata thawabu ya sadaka na ya kuunga udugu.

Kuomba msaada msikitini hakuna aibu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimweleza Qabisa bin Mukhariq watu watatu waliohalalishiwa kuomba, mmojawapo akiwa ni aliyepatwa na janga lililoteketeza mali yake, lakini akamwekea mpaka, nao ni kupata cha kumtosha, kisha aache. Kwa hiyo kamati ya mgonjwa iandike kiasi kinachotakiwa, iandike kilichopatikana, na iache kuomba kinapotimia. Kwetu harusi huundiwa kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kadi zikachapwa na watu wakakumbushwa kwa simu. Mgonjwa wa figo huzungushiwa kofia mara moja baada ya sala. Kamati ile ile ya harusi ingetosha kabisa. Na michango iliyotolewa kwa ajili ya tiba ikibaki baada ya mgonjwa kufariki, hairithiwi kama mali yake. Hurudishwa kwa waliotoa au, kwa ridhaa yao, hupelekwa kwa mgonjwa mwingine wa aina hiyo.

Mkopo wa riba uwe mbali. Najua ni rahisi kuliandika hili na ni vigumu kulitenda mtu akiwa wodini. Lakini hali ya dharura haithibiti mpaka kiwanja kisichokaliwa kimeuzwa, mkopo mwema umetafutwa, na wenye zaka wamegongewa milango. Ama bima, wanavyuoni wengi wametofautisha baina ya bima ya biashara na mifuko ya kuchangiana na kusaidiana, na hii ya pili wameiruhusu. Mwenye kadi aulize kabla ya upasuaji, tena apate jibu kwa maandishi: je, mfuko unalipa upasuaji wenyewe? Unalipa vipimo vya mtoaji? Unalipa dawa za baadaye, zipi, na kwa muda gani?

Swali hilo la mwisho ni zito kuliko mengine. Mwili huiona figo mpya kuwa ni mgeni na hutaka kuipiga vita. Kwa hiyo mpokeaji humeza dawa za kutuliza kinga ya mwili, kama takrolimasi, maikofenoleti na predinisoloni, kila siku, na baadhi yake kila baada ya saa 12, maadamu figo hiyo inafanya kazi. Figo ya mtoaji aliye hai huweza kudumu miaka 15 hadi 20, na wakati mwingine zaidi. Mwenye kuacha dawa wiki chache kwa kukosa fedha huweza kuipoteza yote, kisha akarudi kwenye mashine. Familia nyingi hukusanya fedha za upasuaji na kufanya dua ya shukrani, nazo hazikuweka akiba hata ya dawa za mwezi wa nne. Ushauri wangu ni kwamba asiende mtu chumba cha upasuaji mpaka dawa za mwaka mmoja zimejulikana zitalipwa na nani, na wamejulikana kwa majina wale watakaochangia miaka inayofuata. Kiungo alichokitoa nduguyo mwilini mwake ni amana, na kukipoteza kwa uzembe wa kupanga ni kuihini. Mwezi wa Ramadhani pia mpokeaji asijiamulie kufunga. Amwulize daktari wake kwanza kuhusu nyakati za dawa na maji ya mwili.

Mirathi na maandishi

Figo haibadilishi mirathi. Binti aliyempa baba yake figo, baba akifariki, hurithi fungu lake lile lile, wala wasia wa kumwongeza haupiti ila warithi wengine wakiridhia. Je, baba anaweza kumpa hiba angali hai? Inajulikana hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alitaka kumpa peke yake zawadi, na Mtume (S.A.W.) akakataa kuishuhudia baada ya kujua kuwa ndugu zake hawakupewa. Lakini baadhi ya wanavyuoni, kama Ibn Qudama, wamejuzisha kumzidishia mtoto kwa sababu inayostahiki, kama maradhi au haja maalumu. Binti ambaye uwezo wake wa kazi umepungua kwa sababu ya upasuaji naona anaingia humo, na ni bora zaidi ndugu zake washirikishwe na waridhie. Tahadhari moja: hiba aliyoitoa mtu katika maradhi yaliyomfikisha kwenye mauti huhukumiwa kama wasia. Basi baba asingoje mpaka anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu ndipo aseme, "ile nyumba ni ya Fatma".

Gharama za mtoaji zina hukumu nyingine. Zikikubaliwa kuwa zitarudishwa, ni deni, na deni hutolewa katika mali ya marehemu kabla ya kugawanywa, kama ilivyo katika Sura An-Nisaa, aya ya 11. Ahadi ya zawadi haina nguvu hiyo. Mwenye kuahidi akifa kabla haijakabidhiwa, warithi hawalazimiki. Ndiyo maana nawashauri jamaa waandike karatasi moja kabla ya upasuaji, kwa kufuata agizo la kuandikiana madeni lililo katika Sura Al-Baqara, aya ya 282: nauli kiasi gani, siku ngapi za kazi na kipato cha siku ni kipi, vipimo vya kila mwaka vitalipwa na nani. Isiandikwe humo figo wala thamani yake. Wasaini mpokeaji, mtoaji na mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala yake, na nakala ya tatu awekewe imamu au mzee wa ukoo asiye na maslahi katika jambo hilo. Mtoaji akitaka baadaye kusamehe deni lake lote au baadhi yake, hiyo ni hiari yake, na aandike chini ya karatasi ile ile kwamba amesamehe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.